Rola kosta ya mota, ya tairi au ya mnyororo: ipi ifungwe Lubumbashi?

Kabla ya kuuliza kasi, rangi au kimo, mtu anayetaka kuweka rola kosta (treni ya burudani inayopanda na kushuka kwenye reli) katika parke ya Lubumbashi ajibu swali hili: umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ukikatika Jumapili jioni, treni imejaa watoto, itasimama wapi, na watoto hao watashukaje? Jibu la swali hilo huchagua mashine kuliko picha yoyote ya katalogi. Swali la pili ni nani atakayeitengeneza mwaka wa tatu, mtaalamu wa kiwandani akiwa ameshapanda ndege kurudi kwao. Kwa maswali hayo mawili tunalinganisha aina tatu za rola kosta za chuma za ukubwa wa familia. Zile kubwa za kupinduka kichwa chini hazimo humu, kwa sababu hakuna parke ya hapa inayopaswa kuanza nazo.

Aina tatu, na zinavyotembea

Ya kwanza ina mota ndani ya treni yenyewe. Sambamba na reli hupita baa za umeme, na chini ya behewa kuna viatu vya sharboni (kaboni) vinavyoteleza juu ya baa hizo na kuchukua umeme, kama ilivyo kwenye pon rulan, kreni ya juu inayotembea kwenye reli, ya karakana ya mgodi. Treni haihitaji kilima kirefu cha kuanzia. Inapanda na kushuka kwa nguvu yake, na inaweza kuzunguka mara mbili, tatu au nne bila kusimama. Mack Rides ya Waldkirch, Ujerumani, imeijenga kwa miaka mingi kwa jina la Blauer Enzian. Ile ya Europa-Park, Alpenexpress Enzian, inafanya kazi tangu 1984. Zamperla ya Altavilla Vicentina, Italia, inatengeneza ya umbo la joka ambayo imesambaa katika parke nyingi ndogo duniani.

Ya pili inapandishwa na tairi za mpira. Mota zilizofungwa kwenye mteremko wa kupandia huzungusha tairi, nazo tairi hubana bamba la chuma lililo chini ya treni na kuisukuma hadi kileleni. Kutoka hapo ni uzito wa treni tu. Tivoli ya Zierer, kutoka Deggendorf, Ujerumani, iko hivyo, na Junior Coaster ya Vekoma ya Uholanzi pia, ambayo hupatikana kwa njia ya mita 207 au 335.

Ya tatu ni ya mnyororo: ndoano chini ya behewa inashika mnyororo, mnyororo unavuta hadi juu, kisha behewa linaachiliwa. Katika soko la mitumba zinazotolewa mara nyingi ni Galaxi ya SDC na Zyklon ya Pinfari, zote za Italia, zote zenye kimo cha zaidi ya mita 10. Viwanda hivyo viwili havipo tena. Kumbuka jambo hilo, tutalirudia.

Umeme ukikatika

Hapa tofauti ni kubwa.

Treni ya mnyororo au ya tairi ikiwa imeshapita kilele haina habari na umeme. Itateremka, itazunguka, itafika kwenye breki za stesheni na kusimama, mradi breki hizo ni za aina inayofungwa na springi na kufunguliwa na hewa. Hewa ikikosekana, springi inabana. Breki zinazohitaji umeme au hewa ili zibane zisinunuliwe kwa bei yoyote ile.

Ikiwa treni bado iko kwenye mteremko wa kupandia, meno ya kuzuia kurudi nyuma yanaishika hapo hapo, mita 8 au 12 juu ya ardhi. Abiria watashuka kwa ngazi ya pembeni, mmoja mmoja, mfanyakazi akiwafungulia kizuizi cha kiti. Kwa watoto wa miaka sita hiyo ni kazi ya dakika nyingi na ya woga mwingi. Ikinyesha, ni hatari. Kwa hiyo mteremko wa kupandia uwe na jenereta inayoshika mzigo yenyewe ndani ya sekunde chache, au mota ndogo ya akiba ya kumalizia kupanda.

Treni yenye mota ndani husimama popote ilipo. Hilo linasikika vibaya kuliko lilivyo, kwa sababu aina hii haipandi juu sana: sehemu kubwa ya njia ya joka dogo iko mita 2 hadi 4 kutoka ardhini, na mfanyakazi hufika kwa jukwaa dogo lenye magurudumu. Lakini uliza jambo moja kwa maandishi: umeme ukikatika treni ikiwa kwenye mpando, inajishika au inarudi nyuma hadi bondeni? Baadhi ya giaboksi hujifunga zenyewe mota isipozunguka, nyingine huachia. Inayoachia si mbovu, ila itabembea mbele na nyuma mpaka itulie mahali pa chini kabisa, na bondeni hapo ndipo ngazi ya kushushia inapaswa kuwekwa. Ukiwekewa ngazi kwenye mpando na treni inalala bondeni, umejengewa ngazi ya bure.

Umeme ukirudi, treni isiondoke yenyewe. Mfumo uhitaji mtu abonyeze kitufe cha kuanzisha upya akiwa anaona njia yote. Mahali ambapo delestaji, yaani mgao wa umeme, ni jambo la kila wiki, kipengele hiki kijaribiwe mbele yako kabla ya kulipa: zima dijonkta kuu (swichi kuu ya kukata umeme) treni ikiwa katikati ya njia, washa tena, tazama. Ikisogea hata sentimita moja bila amri, dili lisimame hapo.

Umeme kiasi gani, na jenereta ya ukubwa gani

Wauzaji hupenda kutaja wastani wa kilowati. Wastani haukusaidii, kwa sababu kinachoangusha jenereta ni kilele cha mzigo.

Chukua treni ya tairi yenye uzito wa kilo 4,000 pamoja na abiria, ikipanda mita 8 kwa sekunde 20. Nishati ya kuipandisha ni kama kilojuli 314, sawa na kilowati 16 hivi. Ukiongeza upotevu wa mpira na giaboksi unafika kama 21. Baada ya hapo mota hazichukui kitu mpaka safari inayofuata. Mzigo huo ni mpole, na jenereta ya kVA 60 (kVA ni kipimo cha uwezo wa jenereta) inaubeba pamoja na taa na kompresa ya breki.

Sasa treni yenye mota ndani, ambayo kwa idadi ileile ya abiria ni nzito zaidi kwa sababu imebeba mota zake. Tuseme kilo 5,000. Kuitoa stesheni hadi mita 8 kwa sekunde katika muda wa sekunde 8 kunahitaji nguvu ya niutoni 5,000, na mwishoni mwa mwendo huo ni kilowati 40 kwenye magurudumu, zaidi ya 50 kwenye baa. Kupanda mwinuko wa asilimia 10 kwa mita 6 kwa sekunde ni kilowati 29 nyingine za magurudumuni. Vilele hivi vinajirudia kila mzunguko, mchana kutwa. Jenereta ya kVA 100 ndiyo mwanzo, na kVA 125 ni salama zaidi ikiwa mota ni za DC (umeme wa mwelekeo mmoja) zinazolishwa na variyateri, yaani kifaa cha kudhibiti kasi ya mota, ya aina ya thairista, kwa sababu variyateri hiyo huvuta ampea nyingi wakati treni inaanza kuondoka, hata kama kilowati bado ni chache. Pima jenereta kwa ampea, usiishie kwenye kilowati.

Kimo cha mji nacho kinahesabika. Lubumbashi iko takriban mita 1,200 juu ya bahari, wakati mota na variyateri nyingi zimekadiriwa kwa mita 1,000. Kwa variyateri upungufu ni mdogo, kwa kawaida asilimia 1 kwa kila mita 100 za ziada. Injini ya dizeli isiyo na tabo (pampu ya kuisukumia hewa) hupoteza zaidi, kwa hiyo jenereta ya bei nafuu isiyo na tabo ndiyo itakayolalamika kwanza.

Kuna suala la mashine zilizotoka Marekani, na hapa watu hupoteza fedha nyingi. Marekani hutumia hezi 60, sisi hezi 50. Transfo (transfoma) iliyotengenezwa kwa volti 480 na hezi 60 inaweza kulishwa volti 400 za hezi 50, kwa kuwa uwiano wa volti na hezi ni uleule. Uwezo wake tu unashuka hadi sehemu tano kati ya sita, na volti za upande wa pili zinashuka vivyo hivyo. Mota ya AC (umeme unaobadilika mwelekeo) nayo itazunguka polepole kwa kiwango hicho hicho. Lakini transfo ya volti 220 na hezi 60 ukiilisha 220 za hezi 50, chuma chake kinabeba sumaku asilimia 20 zaidi, kinanguruma, kinachemka, kinaungua. Haihitaji mwaka, wikendi moja ya joto la Oktoba inatosha. Soma kibao cha mtengenezaji kwenye transfo yenyewe, usiamini karatasi ya tangazo.

Kwenye baa za umeme za aina ya kwanza, soma volti pia. Zaidi ya volti 50 za AC au 120 za DC, baa zihesabiwe ni za kuua: uzio kamili, swichi ya kukata umeme ndani ya kibanda cha mwendeshaji na nyingine kwenye lango la mafundi, na kufuli ambayo fundi anabaki na ufunguo wake mfukoni muda wote akiwa ndani ya njia.

Waya wa ardhini upimwe mwishoni mwa kiangazi, Septemba au mwanzo wa Oktoba, udongo mwekundu ukiwa umekauka hadi chini. Kipimo cha Februari kinadanganya, maana udongo uliolowa hupitisha umeme vizuri. Ukipata omu 6 mwezi wa pili unaweza kupata zaidi ya 20 mwezi wa tisa. Ongeza vyuma vya ardhini mpaka kiangazi chenyewe kikupe chini ya 10. Na kwa radi za Lubumbashi, kizuia radi kwenye kabati ya umeme ni lazima kwa aina zote tatu. Variyateri moja iliyopigwa na radi hugharimu kuliko vizuia radi vya miaka kumi.

Kinachochakaa kwenye treni ya mota

Tunakaa hapa zaidi kwa sababu aina hii ndiyo tunayoipendekeza kwa parke nyingi za mjini, na anayeichukua ajue anachukua nini.

Sharboni ndiyo sehemu ya kwanza. Sharboni yenye afya huchakaa sawasawa, uso wake mweusi unang'aa kidogo. Ukiona mashimo ya kuungua, usibadilishe sharboni tu na kuondoka: tembea kando ya baa ukaguse viungio. Karibu kila mara utakuta kiungio kimoja kimepanda milimita moja au mbili juu ya kingine, kiatu kinaruka hapo, cheche inazaliwa. Ikiwa kiatu kimoja kinachakaa haraka kuliko wenzake, springi yake inabana mno au imelegea. Beba akiba ya misimu miwili tangu siku ya kununua, kwa vile kontena la pili la vipuri huchukua miezi.

Baa zenyewe hutanuka. Njia ya mita 150 yenye baa za alumini, kati ya asubuhi ya Juni yenye baridi na alasiri ya Oktoba juani, inaweza kupita tofauti ya digrii 40. Alumini itarefuka karibu sentimita 14, reli ya chuma iliyo chini yake sentimita 7 tu. Sentimita 7 zinazobaki lazima zipate pa kwenda, na hiyo ndiyo kazi ya viungio vya kutanukia. Fundi mgeni akikaza viungio hivyo kama vile vingine vyote, baa itapinda katikati ya kona na kung'oa viatu. Vipake rangi tofauti, ili asije mtu akavikaza kwa bidii yake.

Kisha vumbi. Kuanzia Mei hadi Septemba vumbi jekundu hujaa juu ya vikombe vya plastiki vinavyoshikilia baa. Likiwa kavu halina shida kubwa. Mvua za kwanza za Oktoba na Novemba zikiligusa, linakuwa tope linalopitisha umeme, na dijonkta ya uvujaji inaruka kila baada ya dakika chache. Wengi hulaumu mota, wakafungua giaboksi bure. Dawa ni kuosha vikombe vyote kwa maji na brashi, umeme ukiwa umekatwa, kabla ya mvua ya kwanza na si baada yake. Grisi nayo isipakwe ovyo karibu na magurudumu: vumbi likichanganyika na grisi linasaga beringi kama msasa.

Mota zilizo ndani ya treni huwa nyingi, na hilo ni faida: moja ikifa, treni mara nyingi inaweza kurudishwa stesheni. Lakini zilizobaki zinabeba mzigo wake. Kila wiki pima ampea za kila mota kwa pensi ya ampea (kipimo kinachobana waya), treni ikiwa tupu, mahali palepale pa njia. Andika. Mota inayovuta asilimia 15 zaidi ya wenzake inakuambia beringi inakufa, au breki inaburuta, au gurudumu lake limepungua kipenyo kuliko mengine. Hilo la mwisho husahaulika: magurudumu ya kusukuma hubadilishwa kwa seti, vinginevyo jipya na kuukuu vinapigana kwenye ekseli zao.

Mvua ikinyesha, gurudumu la kusukuma linaweza kuteleza kwenye reli yenye rangi laini. Njia ya kugusia gurudumu isipakwe rangi ya kung'aa.

Jambo la mwisho la treni hii ni viungio kati ya mabehewa. Mota zinasukuma na kuvuta, kwa hiyo kiungio kinapigwa kwa pande zote mbili kila mzunguko, na nyufa huzaliwa pasipoonekana. Julai 2006, kwenye Runaway Mine Train ya Alton Towers, Uingereza, treni ya Mack iliyofunguliwa 1992, mabehewa yaliachana na sehemu za treni zikagongana. Zaidi ya watu 20 waliumia. Kila kiungio kiwe na kifungo cha pili, kamba ya chuma au mnyororo wenye uwezo wa kushika peke yake. Pini zote zitolewe mara moja kwa mwaka na kupimwa kwa rangi inayopenya nyufa au kwa unga wa sumaku. Hapa Lubumbashi hiyo si kazi ngeni: karakana zinazohudumia migodi hupima hivyo pini za magari makubwa na ndoano za kreni.

Na ndiyo sababu yenyewe ya pendekezo letu. Mji huu umejaa mafundi umeme waliokulia kwenye pon rulan, variyateri, mota za DC na baa za umeme. Mashine ambayo huko Ulaya huonekana ngumu, hapa ina madaktari wake tayari. Kinachobaki ni mlinzi: baa za shaba zinaibwa, kama nyaya za umeme zinavyoibwa. Chagua baa za alumini zenye uso wa chuma cha pua kama mtengenezaji anazo.

Ya tairi: tulivu, lakini iangalie ikilowa

Treni ya aina hii haina mota wala nyaya ndani yake, na huo ni wepesi mkubwa wa matengenezo. Mota ziko chini, zinafikika kwa ngazi. Tairi moja ikipasuka, zilizobaki kwa kawaida huendelea kupandisha. Presha ya tairi ipimwe kila asubuhi kabla ya jua kuzipasha moto, na zote ziwe sawa. Tairi laini inateleza, tairi ngumu mno inagusa bamba kidogo na kuchakaa katikati.

Udhaifu wake ni maji. Bamba likilowa, treni iliyojaa inaweza kusimama katikati ya mpando huku tairi zikizunguka bure. Msimu wa Novemba hadi Machi usikose paa juu ya mteremko wa kupandia. Mabati na nguzo chache zinatosha, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na siku za kufunga.

Kwa kuwa inategemea uzito tu, kasi yake inabadilika na hali. Kutoka mita 8 haiwezi kuzidi kilomita 45 kwa saa hata kwa hesabu ya kitabuni, na msuguano hupunguza. Asubuhi ya Julai yenye baridi, grisi ikiwa nzito na treni ikiwa na watoto wanne tu, inaweza kukosa nguvu ya kumaliza kilima cha mwisho. Endesha mizunguko mitatu mitupu kabla ya kufungua lango, na fuata idadi ya chini ya abiria iliyoandikwa na mtengenezaji.

Ya mnyororo, iliyotumika

Bei yake inavutia, na mnyororo ni kitu ambacho kila fundi wa konveya anakielewa. Hata hivyo, hatuishauri kwa parke inayoanza.

Sababu ya kwanza ni mabehewa mengi. Zyklon huendesha mabehewa ya watu wanne, kadhaa kwa wakati mmoja. Ili yasigongane, njia hukatwa vipande, na kila kipande kina breki yake na kihisi chake. Behewa haliingii kipande cha mbele mpaka kiwe tupu. Kihisi kimoja kikijaa vumbi na mtu akakiruka kwa kipande cha waya ili kazi iendelee, kinga yote imeondoka. Treni moja ya mota, peke yake kwenye njia, haina hatari hiyo kabisa.

Sababu ya pili ni kiwanda kilichofungwa. Hakuna wa kukutumia mchoro wa ekseli, hakuna wa kukuambia ni sehemu ipi ilipasuka kwa wengine na ikaimarishwaje. Chuma cha miaka 35 kimeshapakiwa na kupakuliwa mamia ya mara. Anayeuza akikuletea kitabu cha mashine chenye historia kamili, hesabu za uimara na vipimo vya nyufa vya mwaka huu, keti naye mzungumze. Akileta rangi mpya tu, rangi mpya huficha nyufa.

Ukiichukua hata hivyo, nunua pamoja nayo nusu ya urefu wa mnyororo, meno ya kuzuia kurudi nyuma pamoja na springi zake, na seti mbili za magurudumu: ya juu, ya pembeni na ya chini ya reli. Magurudumu ya poliurethani yaliyosimama mahali pamoja miezi mingi hupata bapa, na bapa hilo hutetemesha behewa zima.

Ardhi, kontena, karatasi

Njia fupi ya mota ndiyo inayohitaji msingi mwepesi zaidi, kwa kuwa nguzo ni fupi, ingawa treni ni nzito. Lakini kwa aina yoyote, tafuta vichuguu. Viwanja vingi vya pembezoni mwa Lubumbashi vilikuwa na vichuguu vikubwa vilivyosawazishwa au kuchimbwa kwa matofali. Udongo wa kichuguu ni mfinyanzi, unavimba na kusinyaa tofauti na udongo ulio pembeni. Nguzo moja ikikaa juu ya kichuguu kilichosawazishwa na jirani yake nje, baada ya mvua mbili reli imepinda na magurudumu ya pembeni yanapiga kelele kona ileile kila mara. Chimba shimo la majaribio mahali pa kila nguzo, kisha hamisha njia nzima mita chache ikihitajika. Ni rahisi sana kwenye karatasi.

Mizigo huja kwa Dar es Salaam au Durban, na kwa kawaida huingia kwa Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Kontena la futi 40 lina upana wa ndani wa mita 2.35 na urefu wa mita 12.03. Omba orodha ya vipande vya reli na vipimo vyake. Kipande cha kona kinachozidi hapo kitalazimisha kontena la wazi, bei na ruhusa nyingine. OCC, ofisi ya serikali ya ukaguzi wa bidhaa, na forodha ya DGDA watataka nyaraka zenye namba ya mashine inayolingana na kibao. Omba pia cheti cha EN 13814, kiwango cha Ulaya cha usalama wa mashine za burudani, au viwango vya ASTM F24 kwa mashine ya Marekani. Bila kimoja kati ya hivyo, mhandisi wako hana pa kuanzia ukaguzi.

Watu kwa saa

Treni ya mota ya viti 20, mizunguko mitatu ya sekunde 40 na dakika mbili za kupanda na kushuka, inatoa safari 15 kwa saa, watu 300. Ya tairi ya viti 20, safari ya dakika moja na dakika moja na nusu ya kupakia, inatoa safari 24, watu 480. Kwa karatasi, tairi inashinda. Ila kwa mota unageuza idadi ya mizunguko: siku ya Pasaka punguza hadi miwili, Jumanne tulivu wape minne, na mtoto aliyelipa haoni kwamba njia ni fupi. Parke ndogo inaishi kwa siku tulivu kama hizo.

Kwa hiyo: parke ya mjini, kiwanja kidogo, wateja wengi wakiwa watoto na wazazi wao, jenereta ya kVA 125 ipo au itanunuliwa, basi chukua ya mota, mpya au iliyotumika kutoka kiwanda ambacho bado kinajibu simu. Kiwanja kikubwa nje ya mji, umati wa mamia kila wikendi, jenereta ndogo, chukua ya tairi, na paa la mpando liingie kwenye bajeti ya kwanza. Ya mnyororo iliyotumika ichukuliwe na mwenye mhandisi wa kudumu na karakana yake mwenyewe, na baada ya vipimo vya nyufa kufanywa upya hapa Lubumbashi, rangi ikiwa imekwanguliwa kwenye kila mshono wa kulehemu.